Mbung'o, Nyuki na Mbu wa Mashimoni: Hisia za Watu wa Shinyanga na Geita kuhusu Viumbe Wadogo

Hisia za binadamu kuhusu wadudu zimezoeleka kuelezwa kama jambo la maumbile, yaani kwamba mtu huzaliwa na kinyaa au hofu mbele ya kiumbe mwenye miguu mingi, na kwamba tofauti kati ya jamii moja na nyingine ni ya kiasi tu. Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kinyaa kwa miaka mingi, aliona kwamba hisia hiyo ilianza kama kinga ya mdomo dhidi ya chakula kichafu, kisha ikapanuka hadi kugusa mambo ambayo mdomo hauna habari nayo. Maelezo hayo yana uzito wake, lakini yakifikishwa Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita hayatoshi, kwa kuwa watu wa huko, ambao wengi wao ni wakulima, wafugaji, warina asali na wachimbaji, hawawachukii wadudu wote kwa pamoja wala hawawapendi wote kwa pamoja. Wanawachagua. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba uchaguzi huo umetokana na yaliyoipata ardhi yenyewe tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba chuki iliyo kali zaidi imewaangukia wadudu walioletwa au waliozidishwa na misukosuko ya historia, yaani misafara, maradhi ya mifugo, kilimo cha biashara na uchimbaji.

Neno wadudu linatumika hapa kwa upana ambao msemaji wa kawaida wa Kiswahili huupa, likijumuisha kupe na papasi, ambao wataalamu huwaweka pamoja na buibui kwa sababu wana miguu minane, ilhali mdudu kamili ana miguu sita.

Mfano wa kwanza ni funza, kiroboto mdogo anayeingia katika ngozi ya mguu. Funza hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na kutoka hapo akalivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari, akifuata njia za misafara, hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika katika nchi zilizo kusini mwa Ziwa Victoria. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita huko mwaka 1892, alieleza jinsi alivyokuta Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Mkoa wa Geita, watu ambao miguu yao ilikuwa imeharibiwa kabisa na mdudu huyo kiasi cha kushindwa kwenda mashambani, na vijiji ambavyo vilikuwa vimekufa kwa sababu yake. Funza jike, akishajipenyeza chini ya ukucha au kwenye kisigino, huvimba kwa mayai mpaka akafikia ukubwa wa punje ya njegere, na kwa watu waliomzoea hutolewa kwa ncha ya sindano au mwiba bila kupasuliwa. Watu wa Uzinza wa wakati ule hawakuwa na ujuzi huo, kwa kuwa hakuna bibi wala babu aliyekuwa amepata kumwona mdudu wa namna hiyo, na ndiyo sababu kiumbe ambaye miaka michache baadaye angekuwa kero ya watoto tu aliweza kuua kaya nzima kwa njaa. Ujuzi wa kumtoa ulipoenea, hofu ilishuka hadi kuwa karaha, na hilo linaonyesha wazi kwamba kiasi cha hisia hupimwa kwa kiasi cha maarifa.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1890 ulipita ugonjwa wa sotoka, maradhi ya virusi yaliyofyeka ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato kutoka Pembe ya Afrika hadi Afrika Kusini. Kwa Wasukuma, ambao ng'ombe kwao alikuwa mahari, akiba, chakula na heshima kwa pamoja, hasara hiyo ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na maendeleo ya Afrika Mashariki, alieleza mfuatano wa mambo ambao wengi waliomtangulia waliupuuza: mifugo ilipokufa na watu walipopungua kwa njaa, ndui na vita, mashamba na malisho yaliachwa, vichaka vikarudi, wanyamapori wakaongezeka tena upesi kuliko watu, na pamoja nao akasogea mbung'o. Kabla ya hapo watu walikuwa wamemweka mbung'o pembeni kwa kulima, kuchunga na kuchoma nyika kwa wakati wake, bila ya kuwa na idara wala jina la kisayansi la kazi hiyo. Ni muhimu jambo hili lisisitizwe, kwa sababu vitabu vingi vya zamani vilimchukulia mbung'o kama sehemu ya Afrika isiyobadilika, na mkazi wake kama mtu aliyekuwa akingojea mtaalamu aje.

Mbung'o mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu. Ni nzi wa rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, ambaye akitua hukunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake husimama mbele ya kichwa kama sindano. Dume na jike wote hunyonya damu, wala hawana chakula kingine maisha yao yote. Jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja tumboni mwake, humzaa kila baada ya siku 9 au 10 hivi, na buu huyo hujichimbia papo hapo katika udongo laini wenye kivuli, ambako hukaa takriban mwezi mmoja kabla ya kutoka akiwa na mabawa. Mdudu anayezaa mmoja mmoja hivyo alitarajiwa awe rahisi kumalizika, na bado amewashinda watu wengi. Huvutwa na kitu kinachotembea, iwe ng'ombe, baiskeli au gari, na hutoboa hata nguo nzito. Kwa ng'ombe huacha nagana, ugonjwa wa vimelea unaomkondesha mnyama taratibu mpaka afe, na kwa binadamu huacha malale, ugonjwa wa usingizi ambao mwaka 1922 uligunduliwa Maswa, mashariki ya Shinyanga, na kuzusha hofu kubwa.

Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o uliojulikana duniani kote. Charles Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori wa Tanganyika tangu mwaka 1919, alianzisha huko majaribio ambayo mwaka 1929 yalipewa idara yake kamili, na mbung'o mmoja wa nchi kavu ya kaskazini mwa Tanzania hubeba jina lake hadi leo, *Glossina swynnertoni*. Jambo ambalo halitajwi mara kwa mara ni kwamba, kabla ya kufika Tanganyika, Swynnerton alichunguza nchi ya Mossurize nchini Msumbiji na kueleza katika makala ya mwaka 1921 jinsi Mzila, mfalme wa dola ya Gaza katika karne ya 19, alivyomfukuza mbung'o kwa kuwakusanya watu waishi pamoja, kupunguza wanyamapori na kuusimamia moto wa nyika. Kwa hiyo sayansi iliyopewa majengo Shinyanga ilikuwa imejifunza sehemu ya somo lake kwa mfalme wa Kiafrika. Katika miaka ya 1920 watemi, yaani watawala wa jadi wa Kisukuma, waliwaita watu wao wakafyeke vichaka, na wanaume kwa maelfu walitoka kila kiangazi wakiwa na mashoka, wakilala porini na kukata miti maili kwa maili. Swynnerton alifariki mwaka 1938 kwa ajali ya ndege, lakini mfumo huo uliendelea, na baada ya mwaka 1947, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulipelekwa Geita, ambako pori lilifyekwa ili familia zilizosongamana huko Mwanza, Maswa na Shinyanga zihamie na ng'ombe wao.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli. Ng'ombe waliongezeka, watu walipata mashamba, na malale yalirudi nyuma. Lakini mti uliokatwa kwa sababu ya mbung'o ulikuwa pia mti wa kuni, wa kivuli, wa dawa na wa nyuki, na mahali pengi haukupandwa mwingine. Mbung'o hakuwa chanzo pekee cha upara wa Shinyanga, kwa kuwa kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na uhamishaji wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970 vilichangia, ila ndiye aliyeipa kazi ya kufyeka sura ya wajibu wa kiafya, na jambo likishakuwa wajibu wa kiafya watu huacha kuuliza ni kiasi gani kinatosha. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao baada ya majaribio ya kupanda miti ya kigeni uligeukia ngitili. Ngitili ni eneo ambalo kaya au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, majani na miti ikaachwa ikue bila mifugo, kisha likafunguliwa kiangazi kikikolea na malisho yakiwa yamekwisha kwingineko. Katika muda wa miaka chini ya 20 zaidi ya hekta 300,000 zilirudishwa kuwa ngitili. Watu wale wale ambao mababu zao walifyeka kwa kumchukia mdudu mmoja walianza kuiacha miti ikue, na pamoja na miti wakarudi nyuki.

Nyuki ndiye kiumbe mdogo anayepewa heshima kubwa zaidi katika ukanda huu, na heshima hiyo haina uhusiano wowote na upole wake, kwa maana nyuki wa Afrika ni mkali na kundi lake likichokozwa linaweza kumuua punda aliyefungwa. Methali isemayo fuata nyuki ule asali haimwahidi mtu usalama. Katika mapori ya miyombo ya Ushetu, Bukombe na Mbogwe, mrina asali hutundika mzinga wa gome au wa gogo juu ya mti, huliacha kundi liingie lenyewe, na hurudi usiku akiwa na mwenge wa moshi, akiteremsha masega kwa kamba huku mikono yake ikiumwa. Hisia anayoijenga mtu wa kazi hiyo ni ya kujua: anajua saa ambayo nyuki hutulia, mti upi unachanua mwezi upi, na masega mangapi ya kuacha ili kundi lisihame. Wako pia nyuki wadogo wasiouma, wanaojenga katika mashimo ya miti au katika vichuguu vilivyoachwa, ambao asali yao chachu ni haba, huuzwa kwa bei ya juu na hutumika kama dawa ya kifua. Ni kweli kwamba mzinga wa gome huua mti uliochunwa, na wataalamu wa ufugaji nyuki wamehimiza mizinga ya masanduku kwa sababu hiyo. Hata hivyo shoka la mrina asali ni dogo likilinganishwa na lile linalotafuta mkaa na matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za duara, shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu. Miyombo hiyohiyo inayochanulia nyuki ndiyo inayoshuka ardhini kuzuia kifusi.

Mchwa naye huonyesha jinsi hisia inavyoweza kugawanyika kwa kiumbe mmoja. Anakula paa, ghala na hayo matimba, kwa hiyo analaaniwa. Lakini mvua za kwanza zinaponyesha, mchwa wenye mabawa, yaani kumbikumbi, hutoka katika vichuguu jioni, na watoto huwatega kwa taa iliyowekwa juu ya beseni la maji, wakaangwe kwa chumvi. Katika miji ya dhahabu kama Katoro na Geita, ambako wamekutana watu wa Kagera, Kigoma, Mara na Usukuma, senene wa Wahaya na kumbikumbi huuzwa mahali ambapo pengine mgeni kutoka pwani angegeuza uso. Udongo wa kichuguu, uliofinyangwa kwa mate ya mchwa, hutumika kupigia matofali na kusilibia kuta. Zaidi ya hayo, mchwa huteremka mita nyingi kutafuta unyevu na kurudi na chembe za udongo wa chini, na kwa sababu hiyo wanajiolojia katika nyika za Afrika, tangu majaribio yaliyofanywa Zimbabwe, huchukua sampuli za vichuguu ili kujua kama kuna dhahabu mahali ambapo mwamba umefunikwa na mchanga mzito. Kiumbe anayelaaniwa kwenye paa anaweza kuwa ndiye aliyetangulia kuufikia udongo ambao mchimbaji anautafuta.

Kwa mazao ya shambani hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo hukumu ya watu inapoanza kuteleza. Shinyanga na Geita zimo katika eneo la magharibi la pamba, na mkulima wa pamba ana maadui wengi: funza wa vitumba, yaani kiwavi anayetoboa tunda changa, kangambili, mdudu mwekundu anayechafua nyuzi, na vidukari wanaofyonza majani. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanza miaka ya 1930, kilipata jibu moja ambalo linapaswa kukumbukwa kwa uangalifu. Kwa vile mdudu mmoja mdogo mrukaji aliyefyonza majani ya pamba alikuwa akiyakausha mashamba, wataalamu walichagua mimea ambayo majani yake yana manyoya, na mdudu huyo akashindwa kutaga mayai yake chini ya jani. Aina nyingi zilizoitwa kwa herufi UK zilirithi manyoya hayo. Hakuna sumu iliyomwagwa, wala mdudu mwingine aliyeuawa. Jibu la aina hiyo huchukua miaka, na bomba la kupulizia huchukua asubuhi moja, hivyo bomba likashinda. Mkulima anayepulizia dawa hapulizii adui peke yake, kwani nyuki, nyigu anayemla kiwavi, buibui, na mbawakawa wanaozika kinyesi cha ng'ombe wote hupata sehemu yao.

Dawa nyingi kati ya hizo ni za jamii ya pareto, zilizotengenezwa kiwandani kwa kufuata kemia ya ua la pareto, na jamii hiyohiyo ndiyo iliyotiwa kwenye vyandarua. Watafiti wa malaria wameeleza kwamba matumizi ya dawa hizo mashambani ni miongoni mwa sababu zilizomfanya mbu azizoee. Matokeo yake ni kwamba uhasama wa shambani umefika kitandani.

Mbu anayeeneza malaria, wa jamii ya anofelesi, hupenda maji safi, yaliyotulia na yanayopigwa na jua, yawe ya wayo wa ng'ombe, ya njia ya gari au ya shimo. Kiluwiluwi chake hakining'inii kichwa chini kama cha mbu wengine, bali hulala sambamba na uso wa maji, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua siku 7 hadi 14 kulingana na joto. Ukanda wa dhahabu umechimbua makao ya namna hiyo kwa wingi: maduara yaliyoachwa, mabwawa ya mwalo, yaani mahali pa kuoshea udongo wenye dhahabu, na mashimo ya kufinyangia matofali ya nyumba za wageni wanaofuata kila mfumuko wa dhahabu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta takriban asilimia 17 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Geita wakiwa na vimelea, huku wastani wa taifa ukiwa takriban asilimia 7. Pamoja na hayo, hisia za watu kuhusu mbu ni za uchovu kuliko chuki. Mbung'o aliitiwa maelfu ya watu na mashoka, ilhali mbu, ambaye ameua wengi zaidi, anaachiwa kila kaya na neti yake. Tofauti hiyo haielezeki kwa kinyaa. Mbung'o alionekana, aliuma mchana, alimgusa ng'ombe, na palikuwa na watemi wa kuita watu. Mbu huuma usiku, na shimo anamozaliwa lilichimbwa na mtu aliyekwisha kuhamia mfumuko mwingine.

Jibu la kisayansi halijakosekana. Huko Misungwi, wilaya iliyo kati ya Mwanza na Shinyanga, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake walilinganisha aina kadhaa za vyandarua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa ya jamii ya pareto pamoja na klofenapiri, dawa inayozuia mwili wa mbu kutengeneza nguvu, kilipunguza ugonjwa kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili kikilinganishwa na chandarua cha kawaida. Hayo ni mafanikio makubwa, na yanastahili kufika kila nyumba ya mchimbaji. Lakini historia ya pareto inatosha kuonyesha kwamba dawa ya pili nayo ina muda wake, hasa ikiwa itaingia mashambani kama ilivyoingia ya kwanza.

Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anatakiwa na kanuni za madini kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira, na kufukia mashimo ni sehemu yake. Tatizo liko kwa mashimo yaliyochimbwa bila leseni, au ambayo wenye leseni wamekwisha kuondoka, katika maeneo kama Nyarugusu na Lwamgasa ambako dhahabu imetafutwa kwa vizazi. Usukuma una kumbukumbu ya kutoka kwa pamoja dhidi ya mdudu mmoja, na safari hii kazi haingehitaji kukata hata mti mmoja. Ingehitaji majembe, orodha ya mashimo ya kila kijiji, na ofisa mmoja wa kata aliyepewa jukumu la kuyapitia kila baada ya mvua, ndani ya zile siku 7 hadi 14 ambazo kiluwiluwi bado hakijaota mabawa.